Hodi Kutoka Ndani

Majengo, Thika
Alhamisi, 14 Agosti 1997

Kwako mdogo wangu Khamisa,

Kosa wanalofanya watu wengi ni kudhani kwamba kimya ni kitu kitupu. Nimefundisha miaka thelathini na moja nikiwaambia watoto wanyamaze, na hata mimi sikujua nilikuwa nawaomba nini. Lakini nimeanza na somo kabla ya salamu, na wewe ulinionya zamani kuhusu tabia hiyo.

Assalaam alaykum. Natumaini presha yako imeshuka, na kwamba huko Nakuru baridi haiwasumbui sana. Vipi mwanao Zahra baada ya kujifungua? Mtoto ananyonya vizuri? Mimi ni mzima isipokuwa goti. Barua hii nimempa Zubeida, binti wa marehemu baba yetu mdogo, akupe mkononi leo hii. Posta ingechelewa, nawe umeniandikia kwamba kesho asubuhi utakwenda kwa kadhi kuapa kuwa Waleed alikutupa mwaka tisini na mbili na hajarudi, ili ndoa ivunjwe. Soma polepole, tafadhali, na usiruke ukurasa.

Nianze na kosa dogo. Mwezi wa tatu nilifungua nyumba yako ya Ruiru bila kukuomba ruhusa. Unamkumbuka Ngina, yule mwanafunzi wangu aliyekuwa hodari wa insha? Siku hizi anatengeneza kipindi cha televisheni kuhusu maisha ya nyumbani: watu wanavyopika, wanavyopanda maua, wanavyopamba sebule. Mimi humwandikia maelezo na kuyasoma. Safari hii alitaka vitambaa vya kufuma, vile ambavyo kila mama wa Thika na Ruiru hutandika juu ya makochi, redio na hata thamosi. Nikavikumbuka vyako vya tausi, nikampeleka.

Nyumba ilikuwa safi kuliko nilivyotarajia. Ngina akasema haionekani kama imefungwa miezi mitano tangu uende Nakuru. Inaonekana kama wenyewe wametoka kidogo kununua maziwa. Wakapiga picha tangu saa tatu hadi saa nane, jua likiwa kali.

Sasa nikueleze jambo moja la kazi yao, maana bila hilo hutaelewa yaliyofuata. Kila chumba kina kimya chake. Kimya cha jikoni si kimya cha sebuleni. Wanapokata picha na kuziunga huhitaji kimya cha chumba kile kile cha kuzibia mapengo, kama fundi wa nguo anavyotafuta kiraka cha kitambaa kile kile. Kwa hivyo kabla ya kuondoka, watu wote husimama wasipumue kwa nguvu, na kinasa sauti huachwa kisikilize chumba kwa dakika moja.

Mwenye kazi hiyo ni kijana wa Juja anayeitwa Gichuru, mtu wa mzaha sana. Tulinyamaza. Nilimwona akikunja uso na kushika hedifoni zake. Dakika ilipokwisha akauliza ni nani aliyekuwa akigonga mbao. Hakuna aliyekuwa amegonga. Ngina akatutoa wote nje, mpiga picha na mimi pia. Nikafunga mlango na kutia ufunguo mfukoni. Maikrofoni ilibaki ndani, waya wake umepita chini ya mlango, nasi tukasimama kando ya tangi lako la maji.

Gichuru alisikiliza, kisha akanivalisha hedifoni. Mwanzo nilisikia nyumba tu. Siwezi kuieleza sauti hiyo vizuri zaidi. Ni kama kuegemeza sikio kwenye mtungi. Kisha nikasikia chuma kikigonga mbao. Kikanyamaza kwa muda wa mtu kumaliza dua fupi. Kikagonga tena. Kikanyamaza. Kikagonga mara ya tatu. Halafu basi.

Gichuru akarudi ndani na kuihamishia maikrofoni chumbani kwenu. Tukatoka tena, nikafunga tena. Safari hii sauti ilikuwa karibu mno, hata nikavua hedifoni.

“Mwalimu,” Gichuru akaniambia, “mtu hubisha akitaka kuingia. Huyu anabisha na yuko ndani tayari.”

Ngina akamwambia ni mabati yanayonyooka kwa jua, na aache kutisha wazee. Alicheka, lakini niliona hakuingia tena kuchukua mkoba wake; alimtuma mpiga picha.

Khamisa, unajua ni nani aliyekuwa akigonga milango kwa pete ya fedha badala ya kidole. Mtaa mzima wa Ruiru ulimjua kwa pete hiyo. Na unajua jinsi marehemu baba alivyotufundisha: hodi ni tatu, na baina ya hodi na hodi unampa mwenye nyumba nafasi. Ukikosa jibu baada ya ya tatu, unageuka na kwenda zako, wala humchukii mtu. Waleed hakuwahi kubisha ya nne.

Kipindi kikatengenezwa. Ngina alitaka kuifuta ile sauti lakini haikuwezekana, kwa sababu kila kipande cha kimya walichokuwa nacho kilikuwa na hodi zake. Ikabaki chini ya maelezo yangu, hafifu. Wakakipeleka kwenye tamasha la filamu Nairobi, ambako kuna tuzo ya vipindi vya maisha ya nyumbani. Wiki iliyopita tukaitwa. Mama mmoja kati ya majaji alisimama akasema ametazama makochi na mapazia ya nchi tisa mwaka huu, na kwamba hii ndiyo nyumba pekee iliyomfanya atamani kuinuka na kwenda kufungua mlango. Akauliza wazo la zile hodi lilikuwa la nani. Ngina, kwa heshima yake kwangu, akanielekezea mkono. Nikapanda jukwaani. Nikapokea kibao cha mbao chenye shaba, watu wakapiga makofi, nami nikasema asante.

Kibao kiko juu ya kabati langu. Tangu nikilete, kila siku baada ya sala ya Alasiri nasikia hodi tatu hapa kwangu. Nimekwenda kufungua siku zote sita. Hakuna mtu. Si woga unaonitoa jasho, Khamisa. Ni kwamba sasa nafungua, na siku ile sikufungua.

Ndiyo, alikuja. Ilikuwa Februari mwaka jana, siku ya Jumanne, baada ya Alasiri. Nilisikia pete mlangoni, nikachungulia pembeni mwa pazia. Waleed alikuwa amekonda, koti linamning’inia, mkononi ana mfuko. Mimi nilikuwa nimejaa hasira ya miaka minne ya machozi yako. Nikajiambia: acha naye asimame nje aonje. Alibisha mara ya kwanza. Alibisha mara ya pili. Ya tatu alisema, tena kwa sauti ya upole:

“Shemeji Yahya, najua umo. Nimerudi kwa Khamisa, lakini naona haya kwenda bila wewe. Nikaribishe, ama niambie niende.”

Sikusema neno. Akangoja. Kisha nikasikia viatu vyake vikienda.

Niliazimia kwenda kumtafuta kesho yake, nikaahirisha. Ijumaa imamu alitangaza kuwa kuna Mwislamu amefariki kwa homa katika nyumba ya kulala wageni karibu na soko, hana mtu, wanaombwa wa kumwosha. Nikajitolea. Nilipofunua uso nilimkuta ni yeye. Tulimvua pete kwa sabuni. Tukamzika hapa Thika. Imamu aliponiuliza kama namjua, nilisema ni jamaa wa mbali na kwamba familia yake nitaiandikia mimi. Wakanisadiki, kwa kuwa mimi ndiye mwalimu. Barua niliyoahidi ndiyo hii. Imechukua mwaka mmoja na nusu.

Wewe ukaendelea kumngoja na kumlaani kwa zamu. Hukukaa eda, hukusoma hitima, hukupewa pole na mtu. Mambo hayo nilikunyang’anya mimi, si yeye. Nilijiambia kwamba presha yako haitastahimili. Huo ni uongo. Nilichoogopa ni uso wako.

Usiende kuapa kesho. Utaapa kwamba mtu hakurudi, naye alirudi. Kwa kadhi nitakwenda mimi, nitasema nilichokifanya mbele yake, naye atueleze sheria ya eda kwa mjane aliyechelewa kupata habari, maana mimi si mwanachuoni. Zubeida ana mfuko kwapani. Ndani kuna pete, na doti ya leso aliyokuwa amekununulia, haijakatwa. Nimemwambia asikupe mpaka ufike mstari huu.

Sikuombi unisamehe katika barua ya kujibu. Ukitaka kuja kunitukana, njoo. Mlango wangu nimeondoa komeo. Ufunguo wa Ruiru nitakuletea mwenyewe, sitaingia tena humo bila wewe.

Nisalimie mkwe wako na majirani walionipokea vizuri Idi iliyopita. Mbusu mtoto kwa niaba yangu. Uliniandikia kwamba Zahra amekataa kumpa jina la babu yake, kwa sababu hataki mwanawe abebe jina la mtu aliyewakimbia. Leo, kabla jua halijatua, mwambie Zahra kwamba baba yake alirudi.

Ni mimi kaka yako,
Yahya Mbaluka