Mwandiko wa Matheka

Jericho, Nairobi
9 Agosti 1979

Kwa binti yangu Nthambi,

Pokea salamu zangu, wewe na bwana yako na watoto. Huko Kangundo mvua imeshuka, ama bado mnakula vumbi? Na kifua chako? Kama dawa huinywi, basi usinijibu. Mimi ni mzima, ila magoti.

Barua yako imefika. Nimeisoma mara tatu, kisha nikaikalia. Unasema chuo cha Biblia, kwa vile wewe umeandikwa mzazi, kimekuletea karatasi ya Kigiriki aliyoijaza Matheka mwezi wa sita mwaka huu, na mwandiko ni wake. Unasema sasa unajua kwa nini jeneza lilipigiliwa misumari: tulizika mtu mwingine aliyeungua kwenye kile kibanda cha viatu, na mwanao yuko hai mahali. Umeshafua nguo zake na Jumamosi unakuja nazo. Nthambi, tafuta kiti kwanza. Umeketi?

Hayo masomo ya posta ulinisikia nikiyatukana. Nilimuuliza kijana mzima anayeshona akala za matairi ana haja gani na Kigiriki, kwani Mungu hasikii Kikamba? Alicheka, akaniambia susu, bibi yangu wewe, shika kadi ya maneno. Hakuwa na mwingine wa kumsikiliza. Miaka miwili nilichambua maharagwe kadi ikiwa pajani, yeye akiimba logos, logou, logo, logon, nami nikimkemea akiteleza. Alinieleza kwamba sisi tunabadilisha neno kichwani, mtu, watu. Wagiriki hulibadilisha miguuni, kufuatana na kazi yake, kama linatenda, linatendewa, ndilo lenye mali, au ndilo linaloitwa. Nikamwambia basi hao ni watu wa kubadilisha viatu kila mlangoni. Alicheka mpaka akaangusha nyundo.

Wiki ya pili baada ya mazishi ikaja bahasha. Mwalimu, ambaye hajawahi kumwona, aliuliza mbona Matheka amenyamaza, amechoka? Nikachukua kalamu nimwandikie kwamba amekufa. Darasa langu la pili linatosha kwa neno moja. Neno likakataa. Nilikaa nalo mpaka chai ikapoa. Ndipo nikatoa karatasi zake za zamani, nikaanza kufuatisha herufi moja moja.

Ndiyo. Ni mimi. Mwaka mmoja na miezi miwili nimejaza majedwali yao kwa jina lake, nikabandika stempu, nikapeleka posta kwa magoti haya haya. Nimewahi kupata sabini na nane, na sikusaidiwa na mtu. Mstari mmoja tu huwa nauacha wazi, ule wa mwisho, wa kuita. Mwalimu anauzungushia wino mwekundu, anadhani Matheka husahau. Mimi simwiti maiti alfajiri, niko peke yangu nyumbani.

Na kuna jambo ambalo hata mchungaji sijamwambia. Siku hizi sifuatishi tena. Kiswahili changu unakiona hapa, kama kuku amepita na miguu michafu. Lakini nikianza Kigiriki mkono unalala upande wake, na herufi zinatoka za Matheka, mpaka ule mkia anaouvuta mwishoni. Juzi Fadumo anayeniletea maziwa aliniuliza ni kijana gani anayesoma kwangu asubuhi kwa sauti nzuri hivyo. Nikamwambia nina mafua. Hakucheka. Hata mimi sikucheka.

Kwa hiyo macho yako hayakukudanganya. Niliyekudanganya ni mimi. Tuliyemzika ni mwanao, Nthambi. Nilimtambua mwenyewe, kwa mkanda na lile jino lililovunjika, na ni mimi niliyewaagiza wapige misumari, usije ukaona nilichoona. Nikasirikie. Nimestahili.

Jumamosi njoo, lakini nguo ziache huko. Chuo kinamtaka mwezi wa tisa, afanye mtihani mbele ya mwalimu, na lazima mtu awajibu. Wewe ndiye uliyemzaa. Utaliandika wewe lile neno. Mimi nitakaa pembeni na nitanyamaza, jambo ambalo hujaliona tangu uzaliwe. Usiniachie kalamu. Nikiishika, najua mkono huu utawajibu kwamba anakuja.

Wasalimie watoto mmoja mmoja kwa majina, na umwambie bwana yako asikuache usafiri peke yako.

Ni mimi mama yako,
Nzembi