Shingo Iliyokataa Kunyooka

Mwangaluka! Umeamkaje, mjukuu wangu, mke mwenzangu Minza?

Huku Lagangabilili tu wazima. Pamba imestawi vizuri, na yule ng'ombe mwekundu kazaa ndama jike. Babu yako anamwimbia kila asubuhi, mimi hajaniimbia hata siku moja.

Umeniuliza kama nami niliwahi kuumwa shingo nikiwa na umri wako, maana huko chuoni simu imekuinamisha mpaka unalala umejipaka dawa ya kuchua. Simu hatukuwa nazo, lakini shingo tulikuwa nazo.

Tulikuwa tunalima kwa kikundi, tumejipanga mstari mmoja, tukifuata mdundo wa ngoma. Mpiga ngoma akinyamaza, wote tunanyanyua majembe juu, tunajinyoosha na kucheka. Siku moja nikaona wananichelewesha, nikaendelea kuinama peke yangu. Niliwapita kweli! Ila jioni tulipoanza kucheza, shingo ikakataa kunyooka. Nikacheza huku natazama vidole vya miguu yangu.

Wazee wakanisifu: "Binti huyu ana haya!" Babu yako akaleta posa kwa ajili ya haya hiyo. Shingo ikapona, na haya yenyewe anaitafuta mpaka leo.

Tangu siku ile, ngoma ikinyamaza nilikuwa wa kwanza kunyanyua jembe.

Huko huna mpiga ngoma, kwa hiyo tumepatana na babu yako: kila saa kumi jioni atakubipu. Usipokee. Inuka, nyoosha mikono, tazama juu, cheka. Atakata mwenyewe.

Ni mimi bibi yako, nisiye na haya.