Jina la Baba Mkwe

Mjukuu wangu Yohana,

Sasa hivi mwanangu ameitia karatasi hii mdomoni, ndiyo maana pembeni imelowa. Shikamoo yako nimeipokea, marahaba. Sisi wazima, mtama umeanza kutoa masuke. Usicheke nikijiita bibi na huku nanyonyesha. Mama yako ni mpwa wa mume wangu, nifanyeje?

Unauliza kwa nini nilitoka bomani mikono mitupu. Baba mkwe alichukuliwa vitani kubeba mizigo ya Waingereza, hakurudi. Mama mkwe hajamlilia mpaka leo, maana hakuna aliyemwambia amekufa. Mume wangu alikuwa Itigi kwenye reli, basi akanituma mimi ninayejua kusoma, nikaulize bomani habari za baba yake.

Karani akafungua daftari la wapagazi. "Jina?"

Kwetu mke hatamki jina la baba mkwe.

"Ni mzee wa Kinyangiri," nikasema, "baba wa mume wangu."

"Dada, humu wote ni baba za watu." Wenzake wakacheka, karani akalifunga daftari.

Mume wangu aliporudi, daftari lilikuwa limeshapelekwa Dar es Salaam. Uchungu haujanitoka, kwa kuwa heshima yangu ndiyo iliyomficha.

Sasa unasema mwalimu wenu anakwenda huko kusoma vitabu vya zamani. Moyo umeinuka. Mdomo wangu una mwiko, labda mkono hauna. Mwambie atafute mpagazi wa Kinyangiri, jina lake ni, ngoja kwanza, mama mkwe ananiita