Nimeficha Kadi ya Mke Wangu, Lawama Zimemwangukia Kinyozi

Mpendwa Shangazi,

Nakuandikia nikiwa karakana, mlango nimeurudishia nusu ili wateja wasinione, na nakusihi unijibu kabla ya Jumamosi, maana Jumamosi ikipita sijui nitakuwa na ndoa ya namna gani, mimi ni fundi wa friji, mke wangu ni mpokezi kwenye kliniki ya meno, mwanamke mtulivu, hana makuu, sijawahi kumkuta na meseji ya ajabu wala manukato nisiyoyajua, lakini Shangazi, wivu unanila kama kutu, na umeanzia kwenye mchezo wa kadi.

Si karata hizi za kawaida. Ni kadi za picha, zina wanyama na uchawi, kila mchezaji ana pakiti yake aliyoikusanya mwenyewe kwa kununua na kubadilishana na wenzake, na watu wazima wenye akili zao hukutana chumba cha nyuma cha duka la vifaa vya shule kila Jumamosi mchana, wanapigana kwa hizo picha. Mke wangu alipelekwa na mfanyakazi mwenzake, akapenda, akabaki. Nisingekuwa na neno, lakini huko kuna kinyozi.

Kinyozi huyu wote wanamwita Bwana Ngoja, na ili uelewe kwa nini inabidi nikueleze mchezo wenyewe, nao naujua vizuri kwa sababu kijitabu cha sheria nilikisoma chote nikisubiri friji za wateja zishike baridi, sikukisoma kwa kupenda, nilikisoma kama mtu anavyopekua simu ya mwenzake. Ni hivi. Kuna kadi unazoruhusiwa kuziweka kwenye zamu yako tu, na kuna kadi za ghafla, hizo unaziweka wakati wowote, hata zamu ikiwa ya mwenzio. Ukiweka kadi haifanyi kazi palepale, inakaa mezani kwanza mpaka mpinzani aseme "imepita". Akisema "ngoja", anaweka yake juu ya yako, na wewe unaweza kuweka nyingine juu ya hiyo, halafu mkimaliza mnaanzia ya juu mnashuka, kama sahani chafu zilizopangwa, iliyowekwa mwisho ndiyo inaoshwa kwanza. Kwa hiyo mtu akimpiga nyati wako kwa kadi ya Radi, unasema ngoja, unaweka kadi ya Pazia juu yake, Pazia inafanya kazi kwanza, nyati anafichika, halafu Radi inashuka na kukuta hewa. Lakini ukiwa na pupa ukaiweka Pazia kabla hujapigwa, mwenzio anakutazama tu, pazia huwa linadondoka zamu ikiisha, ndipo anakupiga. Ustadi wote ni kujua wakati.

Sasa kinyozi huyo ndiye bingwa wa kusema ngoja. Hana haraka hata kidogo. Mtu anaweza kumtandika kadi tatu kwa fujo, yeye anazitazama, anajikuna kidevu, anasema "ngoja" kwa sauti ya chini, na chumba kizima kinamgeukia. Na mke wangu, Shangazi, mke wangu anamtazama huyo mtu akijikuna kidevu kama vile kidevu hicho kina jambo la maana.

Nilikwenda siku moja kujionea. Nilisimama karibu na rafu ya madaftari, wao wako meza moja wanafanya mazoezi ya mashindano ya wawili wawili, yaani wako upande mmoja, wanaruhusiwa kushauriana. Mke wangu akataka kuweka kadi. Kinyozi akamwambia, "Ngoja dada, bado. Una kitu kizuri hapo, usikiharakishe." Mke wangu akamuuliza amejuaje. Kinyozi akamjibu, "Ukiwa na kadi nzuri huwa unashika sikio." Mke wangu akacheka, akacheka mpaka akafuta macho. Mimi nimemuoa huyu mwanamke, nimekula naye, nimeugua naye, nimezika naye, na lile sikio sikuwa nalijua. Nilirudi karakana nikafungua friji ya mteja ambayo haikuwa na ubovu wowote. Eti anamwita dada. Na mimi nitamwita kaka nione itasaidia nini.

Usidhani mimi ni mume wa ovyo. Mke wangu akirudi jioni namsikiliza. Juzi aliingia akasema, "Leo kule kliniki kuna mama mmoja alinifanya…" nikajua amechoka, nikamwambia, "Mwambie daktari aongeze mtu pale mapokezi," nikamwandalia chai. Mimi ndivyo nilivyo, friji ikikorofisha nakwenda moja kwa moja kwenye ubovu, sisubiri ijieleze. Hata mwanzoni kabisa alipoingia kwenye mchezo huu aliniletea kisanduku kidogo cha kadi, kipya, akakiweka mezani akaniambia, "Nilikuwa nimefikiria wewe na mimi…" nikamwambia, "Mama, mimi na umri huu nichezee picha?" Sikumfokea. Kisanduku chenyewe ni kizuri, kina mfuniko unaobana, naweka skrubu ndogo ndogo.

Basi, mashindano yenyewe ni Jumamosi hii, mji wa jirani, wanakwenda na basi, kundi zima, wanalala huko na kurudi Jumapili, na mwenzi wake mezani ni Bwana Ngoja. Alipokuwa ananieleza nilitabasamu mpaka mashavu yakauma. Alipokwenda kuoga nikafungua pakiti yake nikatoa Pazia. Anayo moja tu, na kwa kuwa nilikuwa nimesoma sheria nilijua kabisa ndiyo nguzo, bila hiyo wanyama wake wote wako uwanjani uchi. Kila kadi inakaa kwenye kifuko chake cha plastiki, kwa hiyo mahali pake nikachomeka kadi ya kawaida ili pakiti isipungue unene, nikafunga. Pazia nikaitia kwenye boksi la thamostati, vile vifaa vya kurekebisha baridi ya friji, rafu ya juu, hapa karakana. Nilifikiri ataona pakiti haifai, atakata tamaa, atabaki nyumbani. Nilijiona mjanja.

Alipogundua aligeuza nyumba nzima. Aliinua godoro, alivuta kabati. Kisha akaja akasimama mbele yangu, "Mume wangu, naomba nikuulize kitu, hivi wewe…" nikasema harakaharaka, "Mimi kadi zako nazijulia wapi? Muulize aliyezishika mwisho." Aliyezishika mwisho ni kinyozi, alikuwa amemsaidia kuzipanga.

Akaenda kumuuliza. Saluni imejaa wateja. Nasikia kinyozi alizima mashine yake akasema, "Mimi, dada?" na tangu siku ile hawaongei, na watu wa pale mezani wameanza kukagua kadi zao kila Bwana Ngoja akinyanyuka, mtu mzima huyo, na wengine wameshahamia kwa kinyozi mwingine. Shangazi, nilitaka hivyo, kwa nini sifurahi? Nilifurahi kidogo, nisikufiche. Nililala vizuri usiku mmoja. Baadaye nikaona mke wangu harudi kuwa wangu, amekuwa wa hakuna mtu. Anakaa mezani anafuta vile vifuko vya plastiki kimoja kimoja. Jana aliinua kimoja akakitazama kwenye mwanga wa dirisha, akasema, "Mume wangu, hivi hii alama ya mafuta…" nikamwambia plastiki ikizeeka huwa inafanya hivyo. Akanitazama. Akashika sikio. Akaendelea kufuta.

Nimefikiria niiangushe Pazia nyuma ya kochi, aikute mwenyewe wakati wa kufagia, kila mtu aone ilikuwa bahati mbaya, yaishe. Au nisubiri Jumamosi ipite kwanza ndipo niiangushe? Na nikiirudisha, si nitakuwa nimempakia mke wangu kwenye basi na kinyozi kwa mikono yangu? Na niambie ukweli, wewe umesikia mengi, hawa wawili wana mapenzi au hawana?

Ni mimi,
Fundi aliyeganda

SHANGAZI ANAJIBU

Mwanangu fundi, pole, kisha shika adabu yako.

Pole naitoa kwa moyo. Wivu unauma, na kuona mgeni anajua sikio la mke wako wakati wewe hulijui kunauma zaidi. Ningekuwa mimi ningeumia. Ila hapo ndipo huruma yangu inapoishia, kwa sababu umeiba kwenye nyumba yako mwenyewe, halafu ukamtwisha wizi mtu aliyekuwa ananyoa wateja wake kwa amani.

Umeniuliza kama wana mapenzi. Katika uliyoyaandika sikuyaona, na ningeyaona ningekwambia, mimi si mtu wa kupaka sukari. Nilichokiona ni mwanamume anayesema ngoja kisha anangoja kweli. Sasa rudia barua yako. Mke wako anaanza kuongea kuhusu mama wa kliniki, unadakia. Anakuletea kisanduku, unadakia. Anakuuliza kuhusu kadi, unadakia, na kwa kudakia huko ukamtupia kinyozi tope. Barua ndefu namna hii, na mke wako hakumaliza hata sentensi moja. Wewe uliyesoma sheria zote unajua kosa lako: unajibu kadi ambayo mwenzio bado hajaiweka mezani.

Habari ya kochi iache kabisa. Hivi, mwanangu, mikono yako inashika mafuta ya friji kutwa nzima, mke wako anainua plastiki kwenye mwanga, anakuuliza alama ya mafuta, nawe unamfundisha plastiki inavyozeeka! Halafu akashika sikio. Maana ya sikio hilo umenieleza wewe mwenyewe. Anajua. Amekaa na kadi yake mkononi anakupa nafasi uwahi kusema kabla hajaiweka, na ukimwangushia Pazia nyuma ya kochi ataiweka, nami sitamlaumu.

Kwa hiyo fanya hivi, na uanze leo, usingoje Jumamosi. Mkabidhi kadi mkononi, useme, "Niliichukua mimi kwa wivu. Kinyozi hahusiki." Basi. Usiongeze kwamba unampenda, usiongeze kwamba ulikuwa umechanganyikiwa, usimwulize kama amekusamehe. Akikaa kimya, kaa naye kimya. Akilia, usimletee chai ili anyamaze.

Ukitoka hapo nenda saluni. Mezani kwenu lililowekwa mwisho ni jina chafu la kinyozi, nalo ndilo la kuondoa kwanza, kabla hujaanza kudai ndoa yako irudi kama zamani. Usimvute pembeni. Aliulizwa mbele ya wateja, nawe sema mbele ya wateja, kwa sauti, kwamba aliyemwibia mkeo ni wewe. Huenda akakujibu vibaya, vumilia. Na kwa kuwa atakuwa na wembe karibu, ongea kwa heshima. Jumamosi asubuhi pitia na kule kituo cha basi, uwaambie wenzake wa mezani maneno yaleyale kabla basi halijaondoka.

Kuhusu hilo basi, akienda au asipoenda, akicheza na kinyozi au na mwingine, hiyo ni zamu yake na wewe huna kadi ya kuizuia. Ukibaki na wivu Jumamosi nzima, baki nao. Una friji za watu zinakungoja.

Jumapili kabla hajarudi, mwaga zile skrubu kwenye kopo, kile kisanduku kifute vizuri, ukiweke mezani mahali alipokiweka yeye. Siku ile alianza kusema, "Nilikuwa nimefikiria wewe na mimi." Mwombe aimalize. Utajikuta una jibu tayari kabla hajavuta pumzi, najua, ndivyo ulivyo. Limeze, umsikilize mpaka mwisho.

Shangazi yako