Mume Wangu Anaficha Kinga ya Uso Chini ya Kiti cha Gari la Deraya

Bibi Mshauri, shikamoo.

Jambo hili nimekaa nalo mpaka limeanza kukaa nami, na nimeona bora nilimwage kwako kuliko kuendelea kulisimulia masufuria jikoni, maana dada zangu nikiwaambia wanacheka, na mama mkwe nikimwambia anataka kuchukua wembe, na huko mbele utaelewa kwa nini wembe.

Mimi ni fundi cherehani katika karakana ya jeshi, si mwanajeshi, ni raia mwenye kitambulisho cha kupitia getini, na kazi yangu ni kushona sponji na ngozi za ndani ya kinga za uso, yaani lile bamba gumu linalofunika mashavu, pua na taya, linalopachikwa kwenye kofia ya chuma kwa vifungo vya pembeni, wanalovaa askari wanaosimama kwenye tundu la juu la gari la deraya, kwa sababu gari lenyewe limevikwa chuma kila upande lakini yule wa juu kichwa na mabega viko nje kama kobe anayechungulia, na mawe yakirushwa, au kitu kikilipuka barabarani, au hata gari likiingia shimoni tu, uso wake ndio unaokwenda kupiga ukingo wa tundu. Bamba bila sponji ni sawa na kujifunga sufuria usoni, litakuumiza kabla adui hajakufikia, kwa hiyo kila askari anakuja kwangu, anakaa kwenye kigoda karibu na dirisha, nampima toka sikio hadi sikio na toka pua hadi kidevu, nakata, nashona, anajaribu, narekebisha. Nimepima nyuso za kila namna, zenye chunusi, zenye makovu, na zenye kiburi ambazo ndizo ngumu kuliko zote kwa sababu hazitulii.

Sasa mume wangu naye ni mmoja wa hao wa juu ya gari. Wenzake wanamwita Sharubu, na ukimwona huulizi sababu, ana masharubu mazito aliyoyafuga tangu kabla hatujaoana, ana kitana chake cha kuyachania ambacho hata mimi sikigusi, na sitakudanganya, masharubu hayo yalichangia mimi kuikubali posa. Kinga zilipoletwa kambini, yake niliishonea nyumbani siku ya mapumziko, sikuwa na haja ya kumpima kwa sababu uso wake naujua hata nikifumba macho, nikaishona vizuri kuliko za wengine wote, nikaitilia ile ngozi laini ambayo huwa tunaibania, nikampelekea sebuleni akaivaa pamoja na kofia, akageuka kunitazama, nikacheka kidogo maana masharubu yalikuwa yamechomoza huku na huku kama paka aliyebanwa na mlango, akaivua, akasema, "Sawa, itanitosha," akaitia kwenye begi, na mimi nikajua mambo yamekwisha.

Kumbe ndiyo kwanza yanaanza. Wakaenda mazoezini porini, akarudi mdomo umevimba na jino la pembeni halipo, nikamuuliza jino liko wapi, akasema ametafuna mfupa, nikamuuliza mfupa gani wakati huko mazoezini mnakula maharage ya kopo, akasema mfupa ulikuwa ndani ya maharage. Baadaye kinga za gari lao zikaletwa karakanani kubadilishwa sponji, Bibi, zilikuwa zinanuka jasho na mafuta ya gari na vumbi, ndivyo kinga inavyotakiwa kunuka, lakini ya mume wangu ilikuwa inanuka duka. Ngozi haina hata alama ya shavu. Nikamtafuta dereva wa gari lao, mtu mpole, ananiita shemeji, nikamuuliza kinga ya mume wangu inakaa wapi wanapokuwa kazini.

"Shemeji, usiniingize kwenye ndoa ya watu," akasema.

"Mimi nauliza sponji, siulizi ndoa."

Akatazama viatu vyake. "Basi sponji inakaa chini ya kiti changu. Tukipita mbele ya kamanda anaivaa, tukitoka getini ananishushia. Ile siku gari lilipotumbukia mtaroni mimi nilikuwa naendesha, uso wake ulikwenda moja kwa moja kwenye chuma. Jino tulilitafuta sote, hatukuliona."

Na si hilo tu, akaniambia huko kwenye gari anayevaa kinga anaitwa bibi harusi, na kinga yenyewe inaitwa shela, na aliyeyaanzisha majina hayo ni mume wangu mwenyewe.

Nikamkabili mezani. Nikasema nimeshajua yote, kwa nini huivai. Akasema inambana. Inabana wapi? Inabana. Ukiivaa huoni? Naona. Hupumui? Napumua. Sasa shida iko wapi? Akainuka akasema anakwenda kumwagilia maua, na sisi hatuna maua.

Mwisho wa mwezi huu wanaondoka, safari hii si mazoezi, ni kazi yenyewe, kwenye barabara ambazo magari yaliyotangulia yamerudi yametobolewa. Nikienda kwa kamanda, mume wangu atashushwa garini na kupelekwa stoo kuhesabu mablanketi, na kazi ile ndiyo fahari yake, hatanisamehe. Nikinyamaza, kila simu ikilia moyo utanitoka. Mama mkwe anasema tatizo ni masharubu, anyolewe akiwa amesinzia kwenye kochi na yeye mwenyewe yuko tayari kumshika miguu. Mimi nashonea jeshi zima kinga na wangu anaondoka uso wazi, nimeshindwa hata kula. Niambie nifanye nini.

Ni mimi, Fundi Sponji.

MSHAURI ANAJIBU

Marahaba, Fundi Sponji. Msafara wa jeshi haungojei gazeti, ndiyo sababu nilikupigia simu siku ile ile barua yako iliponifikia. Hapa nayaandika niliyokuambia, maana waume wa aina hii hawaishi kwako peke yako, na wake wa aina yako pia wapo.

Tuanze na mumeo. Huyo ni mjinga wa muda, hajafikia ujinga wa kudumu, kwa hiyo usimkatie tamaa. Mtaro, ambao hauna bunduki wala nia mbaya na mtu, umemng'oa jino. Je, hao wenye bunduki na nia mbaya watamng'oa nini? Hilo analijua. Mtu asiyelijua hafichi, anasema wazi kwamba hataki. Anayeficha kitu chini ya kiti cha mwenzake ameshashindwa kubishana na nafsi yake.

Sasa nigeukie wewe, na ukae vizuri. Umeniandikia kwa kirefu habari za dereva, za maharage na za wembe wa mama mkwe, lakini kuna mahali umepita haraka haraka kama mtu anayemvusha mbuzi wa jirani. Nimerudi nikapasoma tena. Kila askari wa kambi hiyo, mwenye chunusi na mwenye kiburi, amekaa kwenye kigoda karibu na dirisha ukampima sikio hadi sikio. Mumeo ukamkadiria. Ngozi nzuri ukampa, vipimo ukamnyima. Uso wa mume unaoujua wewe ni ule unaokungojea mezani. Kinga inataka uso wenye mifupa, na mifupa hiyo hujawahi kuigusa kwa futi. Yeye anasema inambana, na wewe, fundi mzima, badala ya kuleta mkasi umemletea mahojiano. Umemuuliza kama anaona, kama anapumua, bado kumuuliza kama ana kitambulisho.

Halafu unasema ulicheka kidogo. Mwanangu, hakuna kicheko kidogo sebuleni. Wenzake wakimcheka atawarudishia, mdomo anao hata kama jino moja limepungua. Wewe ukimcheka atakujibu nini? Atasema "itanitosha" na kuitia kwenye begi. Na mtu aliyechekwa nyumbani ndiye wa kwanza kuwabandika wenzake majina huko nje, anawahi kabla hawajamuwahi. Hiyo bibi harusi yake imeanzia kwenye kochi lako.

Simtetei. Mwanamume anayesimama juu ya gari mbele ya risasi, halafu anashindwa kumwambia mkewe "hapa panauma", akaona ni rahisi zaidi kutia mfupa kwenye maharage, huyo naye anahitaji kuvutwa sikio. Lakini sikio hilo litavutika vizuri baada ya wewe kulipima.

Kwa hiyo sikiliza. Mwite karakanani, usimwite sebuleni. Akae kwenye kigoda kama wengine, na umwite kwa cheo chake mbele ya mafundi wenzako, apate heshima anayopata kila mtu hapo. Mpime kama mtu usiyemjua. Muulize panapouma, kisha ufunge mdomo mpaka ajibu, hata akikawia. Ukishapajua, mwombe radhi kwa kile kicheko, kwa maneno machache, na neno "lakini" lisiwemo. Masharubu yakatie nafasi kwenye sponji. Wewe ni fundi, kama unaweza kukatia nafasi pua za watu, masharubu hayawezi kukushinda. Mama mkwe mwambie kwa adabu arudishe wembe alikoutoa.

Kisha zungumza na dereva. Mwambie chini ya kiti chake si stoo, na kwamba gari lisiwashwe kabla yule wa juu hajafunga vifungo. Mtu mpole akishika ufunguo ana nguvu kuliko anavyodhani.

Na kama yote hayo yakifanyika na siku ya kuondoka ikakaribia kinga bado iko chini ya kiti, nenda kwa kamanda. Usiende kwa siri. Mwambie mumeo kwanza, ana kwa ana, "Ninakwenda kusema," halafu uende ukaseme. Usiogope kwamba hatakusamehe. Akikasirika, atakasirika akiwa na taya la kukasirikia, na mume aliyenuna anabembelezeka.

Msafara ulipokwisha kuondoka, Fundi Sponji aliniandikia tena. Kwa ruhusa yake naichapisha sehemu ya barua hiyo.

"Bibi Mshauri, nilimwita kwa cheo chake, akaja kama mtu anayekwenda kung'olewa jino lingine. Nikampima. Sikio lake la kushoto liko juu kuliko la kulia, na taya limeegemea upande, miaka yote hii ya ndoa sikuwahi kuona. Sponji yangu nzuri ilikuwa inamkandamiza mfupa chini ya sikio mpaka kichwa kinamgonga. Nikamuuliza panauma wapi, nikafunga mdomo kama ulivyosema, na hiyo ndiyo kazi ngumu kuliko zote nilizowahi kufanya katika karakana ile. Mwishowe akaweka kidole.

"'Hapa.'

"'Tangu lini?'

"'Tangu siku ile sebuleni.'

"'Mbona hukuniambia?'

"'Ulikuwa unacheka.'

"Nikamwomba radhi. Akasema haya, yamekwisha, na akatazama dirishani muda mrefu, na mimi nikajifanya natafuta uzi. Nikaikata upya. Alipoivaa akafungua kinywa, akakifunga, akageuza shingo huku na huku, akasema sasa hii ni kinga. Kesho yake dereva aliniambia mume wangu alipanda garini ameifunga kabla hata ya mtu kumwambia, na mmoja alipoanza kumtania akamjibu, 'Bibi harusi ni mimi, nyinyi ni wapambe, pandeni twende.' Wote wakavaa.

"Juzi nilipata ujumbe wake. Gari la mbele lilikanyaga kitu, vipande vikaruka. Ameandika: 'Kinga imepasuka shavuni. Shavu langu ni zima. Dereva anakusalimu. Nishonee nyingine.' Nikausoma nimesimama, nikausoma nimekaa, kisha nikampelekea mke wa dereva, naye akampelekea jirani yake, na kufikia mchana wanawake walikuwa wamejaa getini na picha za waume zao mikononi, wanataka nitazame kama kinga za nyuso zile nilizikata sawasawa. Kamanda akatoka ofisini akaniuliza huu ni mgomo gani. Nikamwambia, 'Si mgomo, afande, ni wake za askari wako.' Akawatazama, wakamtazama, akafikiri kidogo, akaagiza waletewe viti."