Beseni ya mama mukwe

Alhamisi, jioni

Bon, kosa ni langu. Mama mukwe alipotuma majani yake mara ya kwanza kutoka Bengamisa, nilimujibu kwamba miguu imepata nafuu. Nani anaweza kumwambia mama mukwe dawa yake haisaidii? Sasa amekuja mwenyewe na mufuko muzima, na atakaa kwetu mwezi.

Leo ameyachemsha na pilipili, akamupa muke wangu beseni aniletee chumbani. Mama mukwe mwenyewe amebaki nyuma ya pazia, maana kwa heshima hawezi kuniona nikivua soksi.

"Bokilo, mukwe wangu, maji iko moto sana?"

"Hapana mama, iko muzuri."

Sikumudanganya. Tangu sukari iharibu mishipa ya fahamu, nyayo zinaniwaka moto kitandani, lakini maji yale sikuyasikia kabisa. Nilipojipangusa, ngozi ya kisigino ilitoka na kitambaa.

Nimevaa soksi mbili kila muguu, mama asijue. Nikisema, ataona haya mbele ya binti yake. Nisiposema...

Sasa hivi namusikia jikoni akimwambia muke wangu: "Kesho tutaongeza moto. Leo hakulalamika hata kidogo."