Baba, Mama Hakukuroga

Baba,

Shikamoo sikupi. Nimeibakiza kwa Mama, mkeo uliyemfukuza kutoka kwetu Mwakitolyo na kanga moja mabegani.

Nina hasira nawe, na usidhani kufa kwako kumeipoza. Vile vinundu vilivyokujaa mgongoni na usoni, ulivyosema ni uchawi wa Mama, sasa najua vilikotoka. Mjukuu wako Limi ana madoa ya rangi ya chai tumboni, na kinundu kimeanza kumwota shingoni. Nilimpeleka hospitali. Daktari akauliza nani mwingine kwetu anavyo, nikakutaja wewe.

Akanieleza taratibu. Kuna jeni moja, ndefu kweli, yenye maelekezo ya kutengeneza protini. Kazi ya protini hiyo ni kuzima ishara inayoziambia seli zikue na kugawanyika. Jeni ikiwa na hitilafu, ishara haizimwi vizuri, vinundu vinaota. Wewe uliyevuta kamba duarani, kwenye shimo la machimbo, ungeelewa upesi: wa chini akitikisa, unavuta, akitikisa tena, unaacha. Sasa mvutaji asiyeipata ile ya kuacha, si ataendelea kuvuta tu? Kila mtu ana nakala mbili, moja ya baba, moja ya mama. Yako mbovu ulinipa mimi, nikapata madoa tu. Nami nimempa Limi.

Na mganga wako alifanya nini? Alimpasua tetea wa Mama mwenyewe, yule mweusi aliyetagia chini ya kitanda, akaona doa kwenye ini, akasema adui unalala naye. Doa la kuku, Baba! Ukamwambia mwanamke aliyekuwa akikukanda mgongo kwa maji ya moto, "Toka na uchawi wako." Mimi nilikuwa mlangoni. Hospitali ukaikataa, mpaka kinundu cha pajani kikageuka kansa kikakumaliza.

Juzi dada yako kaja kwangu hapa Shinyanga na kuku kwapani, eti Limi akapigiwe ramli. Na mchawi wanamjua tayari, ni Mama yuleyule! Mama alisikia. Nilikuwa nimemtoa Geita, alikokuwa akiwapikia wachimbaji, nikamwambia hapa ni kwake. Lakini kusikia hayo tu, akaanza kufunga nguo zake kwenye kanga, bila hata kuuliza. Baba, nililia. Halafu nikampokonya shangazi yule kuku, nikamchinja, ini sikulitazama. Shangazi akaondoka anatukana. Aende zake! Tulikula ugali na kuku, na firigisi, ile iliyokuwa yako siku zote, nikampa Mama.

Mama anasema nikusamehe. Yeye kaweza, mimi bado, na sitakudanganya kwa kuwa umekufa. Kwaheri, lala huko ulipo. Ninakuahidi hivi: Limi atakwenda kliniki kila atakapoitwa, na akiniuliza madoa yake kayatoa wapi, nitamtajia jina lako. Mama yangu hafungi nguo tena.

Binti yako,
Kabula